Paris Yetu ya Jumapili

Binti yangu wa mwisho alirudi kutoka Paris wiki iliyopita na picha zisizo na idadi kwenye simu. Alikwenda kwa semina ya kazi, na siku mbili za mwisho akatembezwa mjini kwa lile basi la watalii lisilo na paa, kisha akala chakula ndani ya mashua mtoni. Alikaa kando yangu kwenye kochi akinisukumia picha moja baada ya nyingine, na kabla hajafungua mdomo mimi nikawa nazitaja. Hilo ni kanisa jeupe la mlimani, ngazi zake ni nyingi, wazee hupumzika katikati. Daraja hilo ndilo lenye sanamu za dhahabu. Hapo mkivuka mnakuta soko la maua. "Mama," akasema, "wewe ulifika Paris lini?" Mimi, ambaye mbali kabisa nilikofika ni Kisumu, tena kwenye msiba! Nikamwambia aache maswali anionyeshe chakula. Akanionyesha samaki aliyelazwa juu ya siagi iliyoungua kidogo ikawa rangi ya kahawia, na harufu yake nikaisikia, haki ya Mungu, nikaisikia kwenye simu. Nikainuka nikaenda jikoni, nikajifanya naangalia maharage.

Hajui. Sijamsimulia yeye wala ndugu zake. Nawaandikia ninyi mliokuwa watoto Kampala wakati ule wa utawala wa jeshi, ambao sihitaji kuwaeleza foleni ya sukari ilikuwaje, wala kwa nini gari likisimama nje mama zetu walizima redio.

Tulikaa Old Kampala, chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya Mhindi. Mhindi mwenyewe alikuwa ameshafukuzwa nchini pamoja na wenzake wote, na nyumba ya mbele akapewa sajini wa jeshi, mtu wa kaskazini, na mkewe na binti yao Mastula. Sisi tulibaki palepale uani tulipokuwa tumepanga tangu enzi za Mhindi. Baba na Mama walikuwa watu wa Bukavu, waliokimbia vita vya Kongo hata kabla sijazaliwa, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili, na Baba alijua na Kifaransa. Hicho Kifaransa ndicho kilichompatia kazi ya uweita kwenye hoteli moja kubwa ya Nakasero.

Ila wakati ninaoukumbuka mimi, hoteli ilikuwa haina wageni. Watalii walikuwa wamekwisha. Baba alikwenda kazini kila asubuhi na koti lake jeupe limepigwa pasi, akashinda anakunja vitambaa vya mezani, akavikunjua, akavikunja tena. Waliokuwa wakija ni wakubwa wa jeshi, nao hawakutaka kuelezwa divai ipi inakwenda na samaki yupi. Jambo hilo lilimuuma Baba, msione mchezo. Alikuwa mtu aliyejifunza kazi yake kwa mpishi wa Kizungu kule Bukavu, akaahidiwa kwamba siku moja atapelekwa Paris akaone meza inavyoandikwa hasa. Vita vikaingia, mpishi akapanda ndege yake, na ahadi ikaishia hapo.

Kisha akakipata kitabu. Mgeni mmoja mzee alikisahau chumbani, kitabu cha Kifaransa cha kuwaongoza watalii wa Paris, kina picha na ramani kubwa ya kukunjua. Baba alikisoma mpaka kikaanza kumwaga kurasa. Kwenye ramani alichora njia kwa kalamu nyekundu: tutaanzia hapa, tutapumzika hapa, hapa tutakula.

Basi kila Jumapili tukitoka kanisani tulikwenda Paris. Baba alivaa koti lake jeupe, akasimama kwenye ngazi ya nyuma, mahali ambapo ungeweza kuona bonde lote mpaka Nakasero, na mimi na Mama tukasimama chini tukiwa ndio watalii. "Mabibi na mabwana," alisema, "mbele yenu, kule mlimani, ni kanisa jeupe." Na alionyesha kilima cha Nakasero. Mfereji wa Nakivubo, ule unaonuka, ndio ulikuwa mto Seine. Mlingoti wa redio ndio mnara wa chuma. Mama aliinua mkono: "Bwana, choo kiko wapi?" Baba hakucheka hata kidogo. Alisema, "Madame, nitakuelekeza baada ya jumba la wafalme."

Halafu tulipanda mashua. Mashua ilikuwa benchi letu la mvule. Tulikaa juu yake tumefuatana, mimi mbele na Mama nyuma, na Baba akasimama pembeni na sahani mkononi na kitambaa begani. Alikuwa akisema "Daraja!" na sote tukainamisha vichwa. Chakula kilikuja kidogo kidogo, kwa zamu: supu ya dodo, zile mboga za mchicha, nayo tuliisubiri iishe ndipo sahani ziondolewe, kisha samaki wa kukaanga kwa siagi aliyoitoa hotelini ndani ya jani la mgomba, mwisho ndizi moja ya bogoya iliyokatwa vipande vitatu. Mama alisema yeye hajapata kuona watu wanaokula mara tatu na kuamka na njaa. Lakini alikuwa akicheka, na Mama hakuwa mtu wa kucheka hovyo.

Siagi ile ilikuwa ya wizi, tuseme ukweli. Kwa hiyo Mama alinionya: mambo ya Paris yanaishia hapa ndani, usimwambie mtu, umesikia? Nilisikia. Nilichosikia ni kwamba Paris ni siri.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo mtu mzima hawezi kulitambua mpaka limeshaharibu. Baba alizoea kunirekebisha. "Uma mkono wa kushoto. Jumapili ile tutakapokwenda usije ukaniaibisha." Nilipouliza lini, alisema karibu, karibu. Mama naye alisema, "Ngoja tu, mwanangu, karibu." Wao walikuwa wakisema kama watu wanavyosema. Mimi nilielewa kwamba tunafanyishwa mazoezi, kama vile tulivyofanyishwa mazoezi ya kwaya, na kwamba mashua yenyewe iko mahali inatungoja.

Mastula alikuwa rafiki yangu, nasi tulikuwa tukigombana kila siku. Kila kilichoachwa na Mhindi kilikuwa chake: baiskeli ya magurudumu matatu, redio ya santuri, hata gari. Alikuwa akiniruhusu kushika usukani wa baiskeli nikihesabu mpaka kumi, basi. Siku moja alikaa juu ya ukuta mdogo wa uani akaniuliza, "Nyinyi huko kwenu muna nini?"

Nilitafuta kichwani nikakuta hatuna kitu. "Sisi tunakwenda Paris," nikasema.

"Uongo!"

"Jumapili. Muulize nani unayemtaka."

Hakumuuliza Mama wala Baba. Alikwenda kumuuliza baba yake, kama mtoto yeyote angefanya.

Sajini aliniita kesho yake mchana. Alikuwa amekaa kwenye varanda ya mbele na fulana yake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, maana miguu ilikuwa ikimsumbua. Sikumwogopa. Alikuwa akituchongea mimi na Mastula pia za mti za kuzungusha. Alinipa pakiti nzima ya biskuti, na ninyi mnajua biskuti wakati ule ilikuwa kitu gani.

"Kuja, mutoto. Kula. Baba yako nasafiri?"

"Ndiyo. Sote tunasafiri."

"Siku gani?"

"Jumapili."

"Na gari?"

"Na mashua," nikasema, mdomo umejaa. "Tutakula humohumo ndani. Tukipita chini ya daraja tunainama."

Akacheka kidogo. "Mashua iko wapi?"

Hapo nilikwama. Baba hakuwahi kusema mashua iko gati gani, na mimi nilikuwa nimewahi kuona gati moja tu maishani mwangu, tulipopelekwa na watoto wa kanisa kuangalia meli huko Luzira. Sikutaka Sajini aone kwamba sijui, ndipo asubuhi ampelekee Mastula habari kwamba ni uongo. "Port Bell," nikasema, jina la gati hiyo ya Luzira, ziwani.

Akaacha kucheka. Alitoa mguu mmoja ndani ya beseni. "Nani nasema hii?"

"Baba. Ameandika njia yote kwenye ramani kwa kalamu nyekundu." Na kwa kuwa nilitaka ajue nimemheshimu kumwambia, nikaongeza, "Mama amesema tusimwambie mtu."

Nimemfikiria sana mtu yule, na sitaki kumpaka matope bure. Kama jirani anatoroka nchi kupitia ziwani, wewe mwanajeshi unaishi naye ua mmoja, umejua ukanyamaza, watakaokuja watakuja kwako. Alikuwa ameogopa. Nilimwona ameogopa, nikadhani ni miguu. "Enda," akaniambia. "Enda kwa mama yako." Nikaenda na biskuti zangu, nikazificha chini ya kitanda, nikiwa nimefurahi kuliko siku yoyote ya mwaka ule.

Walikuja asubuhi ya siku ya tatu, Baba akiwa anapiga pasi koti. Wanaume watatu wa usalama, wenye miwani myeusi na suruali za bugaluu zilizopanuka chini, waliingia bila hodi. Hawakutafuta sana. Kitabu kilikuwa pale juu ya kabati, na mmoja alikunjua ramani yake akaiona kalamu nyekundu.

"Hii njia ya wapi?"

"Ya Paris, afande," Baba akasema, kwa sauti ileile ya hotelini. Wakampiga kofi. Wakamwuliza tena, akajibu hivyohivyo, maana angejibu nini? Ndipo yule mkubwa akasema taratibu, "Na ile mashua ya Port Bell?"

Niliona uso wa Baba ukitafuta. Mashua? Ya Port Bell hakuyajua, ila mashua aliijua, na waliokuwa wakipanda mashua ile walikuwa watu watatu tu duniani. Aligeuza kichwa akamtazama Mama. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake kuliko Mama, hata nilikuwa nimeshika mfuko wa suruali yake, lakini hakunitazama mimi. Kisha wakamtoa nje wakamtia ndani ya buti ya gari, wakafunga. Mama alikimbia nyuma ya gari mpaka njia panda, kifua wazi, kitenge kimeachia, na watu wote wa mtaa walikuwa wameingia ndani wamefunga madirisha.

Sasa sikieni upumbavu wangu. Mimi nililia kwa hasira. Walikuwa wametaja mashua, walikuwa wametaja Port Bell, kisha wakaondoka na Baba kwa gari. Niliona wazi kwamba wamempeleka kupanda. Amekwenda bila sisi! Nilikaa juu ya benchi siku nne, sitaki kula, nikimnunia mtu aliyekuwa, Mungu anajua, mahali gani akifanywa nini. Mama alidhani nina uchungu wa kitoto, akanibembeleza. Asubuhi alikuwa akifunga chakula kwenye kitambaa akaenda Luzira gerezani. Wakamwambia jina hilo halimo. Akaenda kambi ya jeshi, akaambiwa arudi kesho. Kesho yake akaulizwa ni nani aliyemwambia aje. Alikwenda hotelini, na watu aliofanya nao kazi Baba miaka yote wakamwambia kwa upole asirudi tena, wana watoto. Alikwenda mpaka mbele, kwa Mama Mastula, akapiga magoti sebuleni kwake. Mama Mastula naye akapiga magoti, wakawa wanawake wawili wamepigiana magoti juu ya zulia la Mhindi. "Mama, mimi nitasema nini?" alisema. "Mume wangu mwenyewe halali usiku."

Biskuti ndizo zilizonifichua. Mama alikuwa akifagia chini ya kitanda akaivuta pakiti, sisimizi wamejaa. "Umepata wapi hii?" Nikamwambia. Nilimwambia yote, Mastula, Sajini, beseni, Port Bell, tena kwa fahari kidogo kwamba nilikumbuka jina la gati. Mama alikaa chini pale sakafuni na ufagio mkononi. Nilingoja anichape. Hakunichapa. Alisema, "Hukusema kitu."

"Nilisema, Mama."

"Hukusema kitu!" Akanishika mashavu kwa nguvu mpaka yakauma. "Hukumwona Sajini. Hukupewa biskuti. Rudia." Nikarudia. Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuelewa yote, ila nilielewa kwamba Baba hakupanda mashua yoyote, na kwamba aliyempeleka huko aliko ni mimi.

Alirudi mvua zilipokwisha. Alirudi kwa miguu, mchana, amevaa shati la mtu mwingine, meno ya upande mmoja hayapo na vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Kwa nini walimwachia sijui mpaka leo. Wakati ule watu walikuwa wakiachiwa kama walivyokamatwa, bila sababu. Mama alimwosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, na chumvi yenyewe alikuwa ameiomba nyumba tatu. Mimi nilikuwa kwenye benchi namenya viazi. Mwisho Baba akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza saa.

"Nani alisema habari ya mashua?"

Nilifungua mdomo. Nawaapia, niliufungua.

"Mimi," Mama akasema. Hakuacha kumwosha. "Tulikuwa bombani na Mama Mastula, tunapiga soga. Ulimi hauna mfupa, Baba."

Baba alitazama maji yaliyokuwa ndani ya beseni. "Nilijua," akasema. "Nilipokuwa mle ndani nilihesabu watu. Nikasema mtoto hawezi. Nikakuona wewe tu."

Hakumpiga. Hakumtukana, wala hakumfukuza. Alifanya jambo ambalo kwetu ni zaidi ya kumfukuza: aliacha kula chakula cha Mama. Watu wa kwetu mnajua maana yake. Mume anaweza kumpiga mkewe jioni na asubuhi wakala pamoja, na wazee wakasema nyumba ipo. Lakini mume akikataa chakula cha mkewe, nyumba haipo tena, hata kama wote wawili wanalala ndani yake. Baba alijinunulia jiko dogo la mkaa, akaliweka nyuma, akawa anachoma muhogo wake mwenyewe kwa vile vidole visivyokunjika. Wazee wa kanisa walikuja wakaongea naye mara mbili. Aliwaandalia viti, akawasikiliza, akasema, "Sina njaa, wazee wangu." Mwanamke mwenye mdomo, watu wakaanza kumwita Mama. Yeye, aliyekuwa na mdomo mfupi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua.

Nilimfuata siku moja akianika nguo, nikamwambia nitamwambia Baba ukweli. Mikono yake ilikuwa na povu, akaniziba mdomo nayo, nikameza sabuni. "Mimi ni mtu mzima," akasema, "naweza kununiwa. Wewe huwezi. Akikutazama wewe vile anavyonitazama mimi, utaishi vipi? Ukisema, nitakuchapa mpaka uione hiyo Paris."

Ningependa kuwaambia kwamba nilibishana. Sikubishana. Nilifarijika! Nilirudi kucheza, na kila mwaka nilijiambia nikikua kidogo nitasema, nikakua, sikusema, Baba akafariki kwa kifua nikiwa sekondari, akiwa bado anachoma muhogo wake, na Mama akaosha maiti yake mwenyewe na watu wakanong'ona kwamba hana haya. Mimi nilikuwa hapo, nilisikia wakinong'ona, na sikusema.

Mama hakuacha kumpikia. Hata siku moja hakuacha. Jioni alikuwa akipakua kwanza ya Baba, bugali, ndio ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, na kipande cha nyama kama kipo, akakifunika na kukiweka mahali pa Baba mezani. Baba alikuwa akipita, akasema "Aksanti," na kutoka nje kwenye jiko lake. Mama alingoja. Alingoja mpaka bugali ikawa na ngozi juu. Kisha aliisukuma sahani upande wangu na kusema, "Kula wewe, mwanangu. Chakula hakitupwi."

Nami nilikula. Nilikula sahani yangu, halafu nikala ya Baba, kila jioni, mpaka mwisho. Mwaka ule Kampala nzima ilikonda. Mimi nilinenepa.